Kasi Ileile

Fundi wa funguo ndiye aliyemwingiza mkewe kwenye mbio, tena kwa kumbembeleza. Yeye alikuwa akikimbia tangu ujana, na katika kikundi cha wakimbiaji wa mtaani kwao, kilichokuwa kikikutana kila Jumamosi asubuhi mbele ya kituo cha mafuta, alikuwa mtu wa kutegemewa. Akishapanga mwendo, umepangwa. Mkononi alivaa saa kubwa nyeusi inayoonyesha kasi, na aliitazama mno hata wenzake wakamtania kwamba siku akigongwa na baiskeli atakuwa wa kwanza kuwaambia amegongwa saa ngapi.

Mkewe, Mama Pacha, alifanya kazi kwenye tanuri la mikate. Alishinda amesimama, akinyanyua trei za chuma kutoka mezani na kuzisukuma kwenye rafu za juu, na alirudi nyumbani ananukia hamira, hana hamu ya kutoka tena. Watoto wao pacha walipoanza shule, mumewe akamwanza: njoo tu ujaribu, ukichoka tutatembea, hakuna atakayekucheka. Alikataa, akakataa tena, mwisho akaenda ili masikio yake yapumzike.

Miezi ile ya mwanzo ilikuwa mitamu kwa fundi. Walikimbia barabara ya tambarare inayopita nyuma ya maghala, yeye kando ya mkewe, akimwelekeza kila hatua. "Mabega yashushe. Usirukeruke. Tazama mbele, chini hujaangusha kitu." Mama Pacha alifuata kila alichoambiwa. Dukani, huku mashine ya kuchonga funguo ikilia, fundi aliwasimulia wateja jinsi mkewe alivyokuwa akihema siku ya kwanza na anavyokwenda sasa. Alisema "nimemfundisha" mara nyingi kiasi kwamba fundi saa wa duka la pili alianza kulitamka neno hilo pamoja naye.

Halafu wakaenda mlima wa tangi.

Ni mlima ulio nje kidogo ya mji, una barabara ya lami inayojikunja hadi juu, na kileleni kuna tangi linalogawa maji mjini. Kikundi kilikwenda huko mara mojamoja, na kwa miaka mingi wa kwanza kufika kwenye tangi alikuwa fundi. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: kasi uliyotoka nayo chini ndiyo utakayopanda nayo. Saa ikionyesha umepungua, ongeza. Alifika juu ameshika magoti, macho yamemtoka, na njia yote ya kurudi alikuwa akijikokota nyuma ya watu aliowaacha mlimani. Lakini hilo la kurudi hakuna aliyelitaja. Anayefika juu kwanza ndiye anayeonekana ana nguvu.

Siku hiyo Mama Pacha alipofika mguuni mwa mlima alikata hatua zake zikawa fupi, akawaacha wote waende. Fundi aligeuka mara moja, akamwona yuko nyuma kabisa, akaridhika. Kwenye kona ya kwanza walioondoka kwa pupa walianza kulegea, na yeye akawapita mmojammoja, mikono imetulia, hatua zilezile ndogondogo, mtu angedhani anapanda ngazi na trei kichwani. Karibu na tangi fundi alisikia hatua nyuma yake. Hakuwa na pumzi ya kugeuka.

"Pole, Baba Pacha," alisema mkewe, akapita.

Hakusema kwa dharau. Alimpa pole ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomuuma.

Kushuka kulikuwa kubaya zaidi. Mapaja ya fundi yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo kila hatua aliegemea nyuma na kujizuia, visigino vikigonga lami hadi magoti yanalia. Mama Pacha aliuachia mwili uende na mteremko. Alipofika kituo cha mafuta mumewe bado alikuwa kwenye maghala.

"Umejifunza wapi kupanda hivyo?" mmoja wa wakimbiaji alimuuliza.

"Sijajifunza popote. Niliona pumzi inataka kuniacha, nikaisubiri."

Watu walicheka. Fundi naye alicheka, akachelewa kidogo kumaliza.

Katika kikundi alikuwamo mfamasia, mwanaume mrefu, mpole, mwenye duka la dawa karibu na soko. Alikuwa hajaoa, jambo ambalo fundi hakuwahi kulifikiria hadi wiki zile. Mfamasia alipanda mlima kama Mama Pacha, kwa hiyo ikatokea tu kwamba wakifika mlimani wanakuwa wawili, wengine wako mbele wanajimaliza au nyuma wamekwisha kujimaliza. Walizungumza wakipanda. Hilo fundi hakulielewa: pumzi ya mazungumzo wanaitoa wapi?

Jumamosi moja, wakinyoosha miguu baada ya mazoezi, mfamasia alikuwa akiwaeleza wageni wawili. "Mlimani usiende kwa saa," alisema. "Sikiliza pumzi. Nguvu unayotumia iwe ileile ya tambarare, kasi iache ishuke yenyewe. Ukianza kuteremka utarudishiwa kiasi. Si chote, lakini hutakuwa umejichoma. Mtazameni huyu dada anavyofanya."

Wakamtazama huyu dada. Fundi, aliyekuwa akifunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka, alijua kwamba maneno yale ni ya kweli. Alikuwa ameyajua kwa miguu yake mwenyewe miaka yote ile, kila aliporudi anajikokota. Hakutaka tu kuyasikia kwa mdomo wa yule, yakipambwa kwa mfano wa mkewe.

Kuanzia hapo roho ilimsokota. Dukani alikuja mama mmoja na kufuli la stoo, akamtazama sana halafu akauliza, "Si wewe mume wa yule dada anayepanda mlima kama vile anateremka?" Fundi alisema ndiye. Miaka yote Mama Pacha alikuwa mke wa fundi. Sasa yeye ndiye alikuwa mume wa yule dada. Akauchonga ufunguo, meno yakaingia ndani mno, ikabidi autupe na kuchonga mwingine, na mama wa watu akaketi kwenye benchi akisubiri huku akiendelea kumsifu Mama Pacha.

Nyumbani aliuliza maswali ambayo yeye mwenyewe aliyaonea aibu. Mlikuwa mnaongea nini kule juu? Mama Pacha alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye madaftari ya watoto. "Alikuwa ananieleza kuhusu dada yake aliyefungua saluni."

"Njia nzima?"

"Dada yake ana mambo mengi."

Mama yake fundi, aliyekuwa akiishi nao, alimtazama mwanawe akigeuza chakula kwenye sahani bila kula. "Mwanangu, una homa?"

"Sina, mama."

"Basi ni nini? Umekaa kama mtu aliyeibiwa na mwizi anamjua."

Fundi alisema amechoka. Kitandani alijiambia kwamba ni mfamasia anayemsumbua, na kwa siku kadhaa aliamini hivyo, maana wivu wa namna hiyo mwanaume anaweza kuubeba na watu wakamwelewa. Lakini alipojaribu kuwaza mkewe akipanda mlima peke yake, bila mfamasia, bila mtu yeyote, moyo ulimchoma vilevile. Hapo akaacha kuwaza.

Mbio za mji zilipotangazwa, njia yake ilipita mlima wa tangi katikati kabisa: tambarare ya kutokea mjini, mlima, mteremko upande wa pili, kisha tambarare ndefu ya kurudi hadi uwanja wa mpira. Kikundi kizima kilisema upande wa wanawake hakuna wa kumshika Mama Pacha. Kwenye tanuri wenzake walimpikia mkate wenye umbo la kiatu.

Alasiri moja kabla ya mbio, alikuwa uani akisugua viatu vyake ndani ya beseni. Fundi alikuwa amechuchumaa kwenye mlango wa jikoni akitengeneza kitasa kilichokuwa kimelegea.

"Baba Pacha," alisema mkewe. "Ule mlima siku ya mbio niupandeje?"

"Si una mwalimu wako siku hizi."

"Mwalimu wangu ni wewe. Mfamasia anasema nipande kama kawaida yangu, nipunguze. Ila sijawahi kushindana. Wewe umeshindana. Ndiyo maana nakuuliza."

Fundi aligeuza bisibisi mkononi. Kwa miezi mingi alikuwa akitamani aulizwe, na sasa ameulizwa, na kilichompanda kifuani hakikuwa furaha. Alimwona tena akipita karibu na tangi. Pole, Baba Pacha.

"Mazoezi ni mazoezi," alisema. "Mashindano ni kitu kingine. Ukipunguza mlimani wenzako wanaondoka na huwaoni tena. Shika kasi ileile uliyotoka nayo mjini."

"Ileile? Hata pale penye kona kali?"

"Pale ndiyo hasa. Usipunguze hata kidogo."

Mama Pacha aliacha kusugua. "Nitajuaje kama nimepunguza?"

Fundi akaivua saa, akaja hadi kwenye beseni, akamvalisha kwenye mkono uliolowa. Alimwonyesha namba ya kushikilia. Alimfungia mkanda vizuri, usibane, usicheze. Mkewe alimshukuru. Fundi alirudi kwenye kitasa, akakaza skrubu hadi kichwa chake kikaharibika.

Siku ya mbio kulikuwa na mawingu, hali ya hewa nzuri kwa mkimbiaji. Fundi alianza katikati ya kundi, mkono wake usio na saa ukimwasha, ukitaka kutazamwa. Kwenye tambarare ya kutokea mjini alimwona mkewe mbele, anakwenda vizuri, mfamasia akiwa hatua chache nyuma yake. Walipofika mguuni mwa mlima watu walianza kupunguza kasi kama kawaida. Mama Pacha hakupunguza. Aliinamia mlima, akarusha mikono, akaitazama saa, akaongeza.

"Punguza, dada," mfamasia aliita. "Unajichoma. Punguza."

Fundi alikuwa karibu vya kutosha kulisikia jibu. Mkewe alilitoa kwa vipande, maana pumzi tayari ilikuwa imeanza kumkatika.

"Mume wangu... amesema... nisipunguze."

Mfamasia aligeuza kichwa, akamtafuta fundi kwa macho, akampata. Akarudi kwenye hatua zake.

Fundi alitarajia kuona raha. Alikuwa ameisubiri raha hiyo tangu pale kwenye beseni, akijifanya hajui kwamba anaisubiri. Aliyemwona mbele yake ni mwanamke aliyeanza kuyumba. Mabega yale aliyomfundisha kuyashusha yalikuwa yamepanda hadi masikioni. Kichwa kilikuwa kinacheza. Na kila baada ya hatua chache mkono ulinyanyuka, saa ikatazamwa, na yule mwanamke akajikaza kisabuni arudi kwenye namba aliyopewa. Alikuwa anamtii. Walikuwa hawajafika hata nusu ya mlima, na yeye angemtii hadi aanguke.

Fundi akaanza kukimbia. Hakukimbia kwa mpango wowote. Alikimbia kama mtu anayemkimbilia mtoto aliyetoka barabarani, akapita watu pembeni kwenye changarawe, akampita mfamasia, koo likaungua, vigimbi vikakaza kama mbao. Alijua vizuri anachokifanya kwa mbio zake mwenyewe. Baada ya dakika chache hangekuwa na miguu. Kwenye kona kali alimfikia, akamshika kiwiko.

"Punguza," alisema.

"Nimeshuka?" mkewe aliuliza, akiitazama saa. "Nimeshuka kasi?"

"Hapana. Punguza. Nilikudanganya."

Alimtazama. Uso wake ulikuwa umejaa jasho na hakukuwa na nguvu ya ziada ya kuonyesha chochote. "Ulikosea?"

Angeweza kusema ndiyo. Mkewe alikuwa amemfungulia mlango kabisa, ilibaki kuingia tu.

"Sikukosea," alisema. "Nilijua."

Mama Pacha akautoa mkono wake. Alikata hatua zikawa fupi, akaiacha kasi ishuke, akaendelea kupanda. Fundi alisimama, kisha akakaa kwenye ukingo wa barabara, na watu wote aliokuwa amewapita wakampita.

Mkewe alimaliza wa tatu. Miguu ilimrudia kidogo kwenye mteremko, lakini tambarare ya mwisho, ambayo angeimeza mzimamzima siku nyingine, aliivuka kwa taabu, misuli ya paja ikimkamata. Walioshuhudia walisema kama si ule mlima angeshinda. Fundi alifika uwanjani kwa miguu watu wakikunja mabango. Mama Pacha alikuwa ameshaondoka na wenzake wa tanuri.

Alimkuta nyumbani amekaa kwenye ngazi za nyuma, miguu ndani ya beseni la maji baridi. Watoto walikuwa ndani na bibi yao. Saa ilikuwa juu ya meza ya jikoni.

"Ulitaka niumie?" aliuliza.

"Hapana. Nilitaka uchoke."

"Mbele za watu."

"Ndiyo."

Akasogeza vidole vya miguu ndani ya maji. "Ni kwa sababu ya mfamasia? Niambie tu. Kama ni yeye, niambie, nitakuelewa."

Fundi alitamani iwe ni yeye. "Si yeye," alisema. "Nilijaribu iwe yeye. Ni wewe. Nikikuona unapanda vile, kitu kinaniuma hapa. Mimi nimekimbia miaka yote hiyo, wewe umekuja jana tu kutoka kwenye mikate."

"Nimekuja kwa sababu uliniita."

"Najua."

"Afadhali ungekuwa na wivu wa mwanaume," alisema Mama Pacha. "Huo ningekusamehe kabla ya chakula cha jioni. Huu sijui niuweke wapi."

Hakumwambia mama mkwe, wala wenzake wa tanuri. Aliendelea kukimbia Jumamosi, na fundi akabaki nyumbani, akitengeneza vitasa vya mlango ambavyo havikuwa vibovu. Waliongea habari za watoto, za gesi, za maji. Alimwekea chakula. Ila alipotaka kujua jambo, hata la soko gani lina vitunguu vizuri, alimuuliza mama mkwe.

Kisigino cha fundi kilikuwa kimechubuka tangu siku ile na hakikupona, kwa hiyo mwisho alikwenda kununua plasta kwenye duka la dawa lililo karibu na soko, ingawa yako mengine karibu zaidi. Mfamasia alimhudumia, akamweleza akaushe kwanza jeraha ndipo abandike.

"Ile siku," fundi alisema.

"Nilidhani hujui," mfamasia alisema. "Nikakusikitikia. Nikasema, kumbe huyu bwana miaka yote hii anapanda hivyo kwa kutojua."

"Nilijua."

"Ndiyo, aliniambia." Akafunga droo. "Aliniambia pia kwamba ulipoteza mbio zako kwenda kumwambia. Hilo alilisema mwenyewe, mimi sikumuuliza."

Fundi alichukua plasta zake. Alirudi dukani akiwa na jambo hilo, akaligeuza siku nzima, hakujua kama ni msamaha au ni habari tu.

Miezi ilipita. Mji jirani ulitangaza mbio zake, na Mama Pacha akajiandikisha. Njia ya huko hakuwa anaijua. Fundi hakujiandikisha kukimbia. Alijitolea kuwa msimamizi wa njia, akapewa kizibao cha rangi ya machungwa, akaomba awekwe mlimani. Alifika mapema, akaupanda mlima wote kwa miguu na kuushuka tena, kisha akasimama karibu na mahali barabara inapokata kona na kuonekana kama inaishia angani.

Wanawake wa mbele walipita wawili, wamekwisha, wakiamini wamefika kileleni, wakimwaga nguvu zao za mwisho. Nyuma yao, kwa hatua fupi, akaja Mama Pacha. Alikuwa ametulia. Hakuna kilichozidi wala kilichopungua kwenye mwendo wake, na fundi, akimtazama anavyokuja, alihisi kilekile kitu kinamchoma pale kifuani, hakijaenda popote. Alikaa nacho. Hakupewa nafasi ya kuchagua kingine.

Alidhani atampita bila kusema, kama alivyozoea. Lakini alipokaribia aliinua macho.

"Juu ni hapo?" aliuliza.

"Bado," fundi alisema. "Ukikata kona kuna kilima kingine, kirefu kuliko hiki. Wale wawili wataishiwa hapo mbele. Usiwafuate."

Mama Pacha alikitazama kizibao, akamtazama yeye. Kisha akazifupisha hatua zake zaidi kidogo, akakata kona.